Wanaozidharau Hadithi za Mapenzi Wazisome Kwanza

(Hotuba mbele ya waandishi, walimu na wasomaji wa riwaya za Kiswahili, Dar es Salaam)

Mwenyekiti, walimu wangu, waandishi wenzangu, na nyinyi wasomaji mliokatiza jua la mchana huu kuja kusikiliza habari za vitabu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimealikwa niseme neno kuhusu hali ya riwaya yetu. Nitasema kuhusu kipande chake kimoja, kile ambacho kwenye mikutano ya namna hii hutajwa kwa kicheko kisha kikaachwa. Hadithi za mapenzi. Kazi yangu kwa sasa ni kuzihariri. Kabla ya hapo nilifundisha Kiswahili sekondari, na kabla ya kufundisha nilikuwa msomaji wake kama walivyo wasomaji wake wengi: usiku, wenzangu wamelala, jalada nimelivika gazeti ili asionekane nani kakumbatia nani. Sijaja kuziombea radhi. Nimekuja kusema kwamba tunazionea, na kwamba uonevu huo unaigharimu fasihi yetu yote.

Chuoni tunafundishwa kuigawa riwaya mafungu mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa. Dhati ndiyo inayoisaili jamii, pendwa ndiyo ya kuburudisha, na ndani ya pendwa tunatupia upelelezi, ujasusi, uhalifu na mapenzi. Kama njia ya kupanga masomo sina ugomvi nayo. Lakini angalieni kilichotokea miaka hii. Upelelezi umekwisha kusamehewa. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetufikia na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, leo anaandikiwa tasnifu. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, inatajwa kwa heshima kila panapozungumzwa chimbuko la hadithi za polisi. Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, anakumbukwa na wazee wenye mvi, tena kwa sauti, mbele za watu, na macho yakiwaka. Nafurahi, maana hata mimi nampenda Willy. Ila fungu la mapenzi bado liko nje ya mlango. Mwanamume akisema ujana wake aliumaliza akisoma ujasusi, tunamwona msomaji. Mwanamke akisema alisoma mapenzi, tunamuuliza kama hakuwa na kazi nyumbani.

Shutuma ninayoisikia mara nyingi zaidi ni kwamba mwisho wake unajulikana. Watakutana, watagombana, watapatana, wataoana. Ni kweli, msomaji anajua. Na msomaji wa Willy Gamba je, aliwahi kukosa usingizi akidhani Willy atauawa? Mtoto anayesimuliwa hadithi na bibi anajua, kabla hajaitikia "Pakawa", kwamba mwisho watu wataishi raha mustarehe, na bado anamkatalia bibi asilale. Kinachomweka macho msomaji wa mapenzi ni namna. Huyu mwenye kiburi atashukaje? Huyu aliyeumizwa atamwaminije mtu tena? Na baba aliyekwisha kupokea posa ya mwingine atageuzwaje bila kuvunjiwa heshima?

Hilo la mwisho, ndugu zangu, jaribuni kuliandika. Mzazi ukimfanya mjinga ili vijana wapate njia, msomaji anatupa kitabu. Ukimfanya katili, umeandika kitabu kingine. Waandishi wazuri wa mapenzi wanajua kumleta shangazi, au mjomba, au mshenga mwenye busara, akakaa sebuleni akazungumza kwa mafumbo, akasifu kahawa, akauliza habari za shamba, mpaka mzee akajiona ni yeye mwenyewe aliyeamua. Mazungumzo ya aina hiyo yana ufundi ambao sijaona mhakiki akiutolea hata aya moja.

Shutuma nyingine ni nzito zaidi. Wanasema hazina ujumbe, zimejaa mapenzi tu. Hapa naomba tuwe wakweli kuhusu rafu zetu za vitabu, kwa sababu kuna mchezo tunaucheza bila kujijua. Hadithi ya mapenzi ikiwa mbovu, tunasema ni kawaida ya hadithi za mapenzi. Ikiwa nzuri, tunaihamisha rafu na kuipa jina lingine.

Chukueni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Yasmin ana miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Anatoroka ndoa ile, ndugu zake wanamtupa, anapata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, Unguja, na huko ndiko anakokutana na Denge, kijana anayesakwa na wakoloni kwa harakati zake. Muulize mwanafunzi aliyesoma kitabu hiki dhamira yake ni nini. Atakujibu harakaharaka: ukombozi, ukoloni, matabaka, ubaguzi wa rangi, kwa kuwa ndivyo mtihani unavyotaka. Kisha muulize alikisoma mpaka saa ngapi za usiku, na alikuwa anatafuta nini. Alikuwa anataka kujua kama Yasmin atampata Denge.

Simdharau Shafi nikisema hivyo. Namsifu. Siasa ya kitabu kile inaingia kupitia chumba cha Mwajuma. Yasmin hajui habari za chama wala za serikali mpaka anapoanza kumngojea mtu ambaye huenda usiku huu asirudi. Kumngoja ndiko kunakomfundisha ukoloni ni nini. Ondoa mapenzi, na siasa iliyobaki ni kipeperushi. Na Amil Shivji alipokifanya kitabu hicho filamu mwaka 2021, aliyaweka mapenzi palepale, katikati, kwa sababu anajua hadithi inasimama juu ya mguu gani.

Sasa niambieni kwa nini kitabu hicho hakikai kwenye rafu ya mapenzi. Mimi ninalo jibu moja tu: kwa sababu ni kizuri.

Tena ajabu yetu ni kwamba dharau hii inaishia kwenye nathari. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, mgonjwa, akimuusia binti yake namna ya kuishi na mume: ampokee vipi, ajipambe vipi, azungumze naye vipi. Huo ni utendi wa mambo ya chumbani na sebuleni kwa sehemu kubwa, na tunauita johari ya fasihi ya Waswahili, kwa haki kabisa, hata sisi tusiokubaliana na kila alichousia. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina, alimlilia kwa shairi ambalo watoto wamelisoma darasani miaka na miaka, na hakuna mwalimu aliyeuliza shairi hilo lina faida gani kwa taifa. Taarab je? Waziri atakaa mstari wa mbele, atatunza, atatikisa kichwa mwimbaji akilia habari za mpenzi aliyemwacha. Kesho yake waziri huyohuyo anaambiwa kuna riwaya yenye kisa hichohicho, anasema vijana wetu wasome vitabu vya maana. Mapenzi yakiimbwa ni utamaduni, yakiandikwa kwa kurasa 200 ni upuuzi? Sijawahi kupewa maelezo ya kuniridhisha.

Niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu siku za kufundisha. Tazameni wanawake wanaopenda ndani ya vitabu vyetu vikubwa wanavyoishia. Rosa wa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, kitabu cha mwaka 1971 kilichowahi kupigwa marufuku shuleni, anachapwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, anakua bila kujua kuzungumza na mwanamume, anapotea, na mwisho anajiua. Maimuna wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, amefungiwa ndani na Bwana Maksuudi. Akitoka, mji unamtafuna kwa ulevi na ukahaba. Ni vitabu vikubwa. Kezilahabi alikuwa anawashitaki akina baba, wala hakuwa anamhukumu Rosa, na waliokipiga marufuku hawakumwelewa. Nimevifundisha kwa mapenzi yangu yote.

Ila nilikuwa nikisimama mbele ya wasichana wa kidato cha tatu na cha nne, nikaona wanachokipokea. Mwaka baada ya mwaka, msichana wa kwenye kitabu akitamani mtu, kurasa chache mbele kuna mimba, au ugonjwa, au kaburi. Binti mmoja aliwahi kuniuliza baada ya kipindi, kwa adabu zote, "Mwalimu, hakuna hata mmoja aliyependa akabaki mzima?" Nilimtajia kitabu kimoja cha mtaani, cha karatasi ya gazeti, ambacho hakimo kwenye orodha yoyote. Ndani yake msichana anapenda, anakosea, anarekebisha, anachagua, na ukurasa wa mwisho yuko hai, ana duka lake na mume anayemsikiliza. Wenye elimu tunauita mwisho wa namna hiyo rahisi. Kwa binti yule ulikuwa habari mpya.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mwisho mwema ni udhaifu wa hadithi za mapenzi, namjibu kwamba katika fasihi yetu huo ndio ujasiri wake. Kumwacha mwanamke apende na asiadhibiwe ni msimamo. Na mwandishi anaulipia kwa kuitwa mwepesi.

Wapo pia wanaosema hadithi hizi zinapotosha vijana. Hofu hiyo siidharau, mimi pia ni mzazi. Ila naomba waangalie ushahidi uliopo hapahapa nchini. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na Tunu alikuwa mkewe. Watu waliufuata mchezo ule, walimlaani Mkwaju, walimhurumia Tunu, na alipoamua kumwacha mumewe na kuanza biashara yake ndogo walimshangilia kama jirani yao. Watafiti walipanga usirushwe kwa wasikilizaji wa eneo la Dodoma hadi mwaka 1995, ili walinganishe. Walikuta kwamba waliousikiliza walikuwa wanapunguza idadi ya wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Semina za UKIMWI zilikuwapo, mabango yalikuwapo. Lakini watu waliposikia habari za ndoa moja iliyokuwa ikivunjika kipindi kwa kipindi, walikaa wakazungumza majumbani mwao, mume na mke, mambo ambayo bango haliwezi kuwazungumzisha.

Hadithi ya mapenzi ina nguvu, basi. Kama ina nguvu, kuibeza ni kuiacha mikononi mwa yeyote.

Na dharau ikikomaa inafika mbali. Kano, kaskazini mwa Nigeria, tangu miaka ya 1980 wanawake wamekuwa wakiandika kwa Kihausa vijitabu vya mapenzi vinavyoitwa littattafan soyayya. Vinauzwa sokoni, kwenye meza, kwa bei ambayo muuza karanga anaimudu. Mmoja wa waandishi wake wanaojulikana zaidi ni Balaraba Ramat Yakubu, aliyeozwa akiwa bado mtoto, akaachika, akajitafutia elimu ya watu wazima. Katika kitabu chake cha mwaka 1990, Alhaki Kuykuyo Ne, mke anafukuzwa na mumewe pamoja na watoto wao, anaanza kupika chakula cha kuuza, na anasimama kwa miguu yake. Waandishi hao waliitwa waharibifu wa mabinti, na lugha yao ikaitwa ya hovyo. Mwaka 2007 gavana wa jimbo hilo, Ibrahim Shekarau, aliongoza uchomaji moto wa vitabu hivyo katika shule ya wasichana. Shuleni! Mbele ya wasichana waliokuwa wanavisoma! Ukitaka kujua hadithi za mapenzi zinawauma akina nani, usiwaulize wahakiki. Angalia nani kaleta kiberiti. Vitabu vile vilikuwa vinauliza kama baba ana haki ya kumwoza mtoto kwa nguvu, kama mume ana haki ya kuleta mke wa pili bila neno, kama msichana arudi shule. Vilikuwa vinauliza hayo ndani ya visa vya kupendana, maana ndiko maswali hayo yanakoishi.

Sasa nije kwenye shutuma ambayo nusu yake nakubaliana nayo: kwamba nyingi zimeandikwa vibaya. Nakubali. Zinanipitia mezani. Kuna makosa ya tahajia, kuna mhusika anayeanza Zuhura akamaliza Zuhra, kuna tajiri anayeshuka kwenye gari jeusi kila sura ya kwanza. Lakini jiulizeni riwaya nyingine zinapata nini ambacho hizi hazipati. Riwaya inayoitwa dhati, ikibahatika, ina mhariri, ina dibaji ya profesa, ina mhakiki atakayeisema kwenye jarida, ina shindano la kuingia. Mwandishi wa mapenzi ana mchapaji anayetaka fedha kwanza. Hakuna aliyewahi kumwambia sura ya nne imelegea. Tunamnyima kila kitu kinachomfanya mwandishi awe mzuri, kisha tunashangaa.

Anapopata mtu wa kumsoma, mambo hubadilika. Niwape kisa cha mswada mmoja, mwandishi wake kaniruhusu. Msichana ni wakala wa pesa za simu, ana kibanda pembeni mwa stendi. Kijana anaendesha bajaji, kila jioni anakuja kuweka hesabu ya tajiri. Katika rasimu ya kwanza mwandishi aliandika kwamba msichana alipomwona, moyo ulimdunda, mwili ukamsisimka, akahisi kuchanganyikiwa. Nikaizungushia wino. Nikamwuliza, huyu ni wakala, ana noti mkononi na foleni mbele yake, akichanganyikiwa anafanya nini?

Akarudi baada ya muda na ukurasa mpya. Kijana anasukuma noti zake dirishani, kama kawaida amezinyoosha zote, sura zimeelekea upande mmoja. Msichana anahesabu. Zimetimia. Anahesabu tena. Mama mmoja kwenye foleni anasonya. Msichana anahesabu mara ya tatu, kijana anasema, "Hesabu vizuri tu, dada, mimi sina haraka," na wote wawili wanajua kwamba dereva wa bajaji saa kumi na mbili jioni hana kitu kingine ila haraka. Kisha anampa daftari asaini. Jina lake kamili msichana kalijua kwenye daftari hilo, hakuwahi kumwuliza. Siku kijana hakuja, msichana akafunga kibanda, akabaki ndani na taa ya simu, akafungua kurasa za nyuma akatafuta sahihi zake.

Hamna "nakupenda" hapo. Hamna moyo kudunda. Hata hivyo msomaji anajua kila kitu, na anajua pia mambo ambayo ripoti ya uchumi haitamwambia: pesa ya tajiri, saa za kazi, mwanamke anayefanya kazi peke yake nyuma ya nondo. Mswada huo ukiuweka mbele ya mhakiki bila kumwambia ni wa fungu gani, atausifu kwa uhalisia wake. Mwambie ni hadithi ya mapenzi uone uso wake unavyobadilika.

Nisieleweke kwamba nakataa uhakiki. Nautaka, tena mkali. Yapo mambo katika hadithi zetu ambayo yananikera na ambayo wasomaji wanastahili kuonywa. Kuna mwanamume anayemfuata msichana kila aendako, anakataliwa, anaendelea, na mwandishi anaita kung'ang'ania huko mapenzi ya kweli. Kuna kofi linalosamehewa kwa pete. Kuna kubakwa kunakogeuzwa kuwa mwanzo wa penzi, na hilo nikilikuta kwenye mswada siulainishi, naurudisha. Kuna ngozi nyeupe iliyofanywa kuwa ndio uzuri, katika nchi ambayo mabinti wanajichubua kwa krimu zenye sumu. Haya yanahitaji mtu wa kuyasema kwa jina la kitabu na namba ya ukurasa. Lakini atakayeyasema ni aliyesoma. Anayesema "zote ni takataka" hawezi kutofautisha mwandishi anayelisifu kofi na mwandishi aliyejenga kitabu kizima kulipinga.

Mtafiti Janice Radway wa Marekani alichapisha mwaka 1984 kazi yake kuhusu wanawake wasomaji wa mapenzi katika mji mmoja. Badala ya kukaa na vitabu peke yake, alikwenda kukaa na wanaovisoma. Wakamweleza kwamba kitabu ndio saa yao, wakati ambao hakuna anayewaita kupika wala kufua. Wakamweleza pia kwamba kuna aina ya wanaume hawawataki kwenye hadithi, wakatili na wabakaji, na kwamba wengine husoma ukurasa wa mwisho kwanza ili wasiumizwe bure. Kumbe wasomaji waliodhaniwa wanameza chochote walikuwa na vigezo vyao, na walikuwa wakali. Radway hakuwasifia tu. Alihoji kama faraja ile haiwafanyi waendelee kuvumilia hali ambayo ingefaa waibadilishe. Hilo ni swali la maana na kila mwandishi wa mapenzi angefaa kulijibu. Aliweza kuliuliza kwa sababu aliwasikiliza kwanza. Kwetu nani amekwenda kukaa saluni, au kwenye bweni, akauliza wanasoma nini na kwa nini?

Maana wanasoma. Wanaosema Watanzania hawasomi hawajaangalia simu za watu. Hadithi siku hizi inakuja kwenye WhatsApp, sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na chini yake "itaendelea". Mwandishi anafungua kundi, anatoa sehemu chache bure, anayetaka kuendelea anatuma elfu moja au mbili kwa simu. Dada wa dukani anasoma kati ya mteja na mteja. Mlinzi anasoma usiku. Ndiyo, wanaume nao wanasoma, kimyakimya. Ziko zile zinazoitwa chombezo, ambazo ni ngono mwanzo mwisho, na hizo sizo ninazozitetea leo. Nazungumzia simulizi za watu wanaopendana, wanaodaiwa kodi, wenye mama wakwe, wanaosubiri majibu ya vipimo. Hadithi hizi zinasomwa na maelfu ya watu ambao hawajagusa riwaya tangu watoke shule, na wanazisoma kwa Kiswahili, kwa hiari yao.

Kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tunasoma nini? Katika mabweni ya sekondari kulikuwa na vitabu vya Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, vilivyokuwa vimepita mikono mingi mpaka jalada limetoka. Vilituburudisha, sivikani. Lakini vilitufundisha kwamba mapenzi yana farasi, mashamba ya Uingereza na mwanamume mwenye macho ya kijivu, na kwamba hayana mahari, wala wifi, wala lugha yetu. Msichana wa Tabora alijua namna ya kupokea waridi na hakujua namna ya kumwambia mchumba wake kwa Kiswahili kwamba hapendi anavyomkatiza maneno. Tukizibeza zilizoandikwa kwa lugha yetu, mahitaji ya msomaji hayatakwisha. Atakwenda kusomewa mapenzi na wengine.

Basi nina maombi, na nayaelekeza kwa waliomo humu ndani. Nyinyi wachapishaji, mnapokea miswada ya mapenzi mnairudisha bila kuifungua. Ifungueni, na ule unaofaa mpeni mhariri kama mnavyompa mwandishi mwingine. Walimu wenzangu, orodha ya vitabu vya mtihani si yenu, lakini maktaba ya shule ni yenu. Wekeni humo hadithi mbili tatu ambamo msichana anapenda na anabaki hai, mzisome kwanza nyinyi, mzizungumze nao waziwazi badala ya kuwanyang'anya. Wahakiki, walimu wangu wa chuo kikuu ambao nawaheshimu sana, mchague kitabu kimoja cha mapenzi mwaka huu, kimoja tu, mkiandikie kama mnavyomwandikia Kezilahabi: mazungumzo yake, muundo wake, mahali kilipoanguka. Mwandishi wake atatetemeka atakapoisoma makala hiyo, na kitabu chake kijacho kitakuwa bora.

Nanyi waandishi wa mapenzi, nimewaona kule nyuma, acheni kujibu "ni vihadithi tu" mtu akiwauliza mnaandika nini.

Mswada ule wa wakala na dereva wa bajaji ninao hapa, nimeutoa nakala, upo juu ya meza ile karibu na mlango. Bado unatafuta mchapishaji. Anayeona nimezidisha chumvi auchukue akausome, aniletee makosa yake kwa maandishi, nitayapokea. Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi, na kama muda upo niko tayari kwa maswali.